Eti Robin Williamson hajui kuimba

"Huyu anaimba au anaumwa jino?"

Aliyeuliza ni rafiki yangu, fundi wa studio, tena mtu ambaye masikio yake nayaheshimu. "First Girl I Loved", wimbo wa Robin Williamson, ilikuwa haijafika hata nusu. Watu wakacheka, chai ikamwagika mkekani, mmoja akashauri tuweke kitu cha maana. Nikazima, maana mgeni ni mgeni. Lakini donge limebaki, na donge langu mimi hulitoa kwa kuandika.

Albamu yenye wimbo huo ni The 5000 Spirits or the Layers of the Onion, ya pili ya The Incredible String Band, bendi ya Williamson na mwenzake Mike Heron, iliyotoka Julai 1967. Kila ninayemkuta ameisikiliza, awe wa kwetu au wa ng'ambo, ana hukumu moja kati ya mbili. Kuna wanaoiapia, na kuna walioshindwa kumaliza upande wa kwanza. Wa katikati bado sijamwona. Hilo halinisumbui hata kidogo, muziki unaompendeza kila mtu ni ule wa kwenye lifti. Kinachoniunguza ni sababu wanazotoa hawa wa kundi la pili.

Ya kwanza ni bangi. Eti huwezi kuielewa mpaka uwe umevuta. Jamani! Mimi nimetoka kwenye nyumba ambayo hata sigara ilivutwa kwa kificho nyuma ya choo, na albamu hii nimeipenda nikiwa na chai ya tangawizi mkononi. Ndiyo, ulikuwa mwaka 1967. Ndiyo, jalada lilichorwa na Simon Posthuma na Marijke Koger, wale Waholanzi wa kundi la The Fool waliokuja kupaka marangi duka la Beatles mjini London, na ukilitazama hilo jalada huhitaji shahidi wa pili. Lakini kauli ya "walikuwa wamelewa hao" kazi yake ni kumpumzisha anayeisema. Akishaitoa, hana haja tena ya kusikiliza.

Ya pili ni utoto. Hapa nakubali, shingo upande. "Little Cloud" ya Mike Heron mimi huiruka, mtu mzima kufanya urafiki na wingu ni mtihani hata kwa sisi mashabiki. Ila "The Hedgehog's Song", ya Heron huyo huyo, msiniguse. Kijana anashindwa mapenzi kila anakokwenda, na kila mara kalunguyeye anatokea kumsuta kwamba maneno anayajua, noti ameziimba zote, ila wimbo wenyewe hajaujua. Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliuchagua katika kile kipindi cha BBC ambacho mgeni hutaja nyimbo nane za kwenda nazo kisiwani peke yake. Askofu Mkuu! Naye sidhani kama alikuwa amevuta.

Sasa tuje kwenye jino.

Sauti ya Robin Williamson haikai. Anaingia chini kidogo ya noti, anaipanda polepole, anaipita, anarudi. Silabi moja anaizungusha mpaka unajiuliza atatua wapi, na wakati mwingine hatui, anaachia tu hewani na kuanza mstari mwingine. Katika "First Girl I Loved" anamkumbuka msichana wake wa kwanza, ambaye siku hizi huenda ni mke wa mtu na ana nyumba yake na gari lake, na kadiri kumbukumbu inavyomlemea ndivyo sauti inavyozidi kuyumba. Ndipo wasikilizaji wa Kizungu wanaposema ametoka nje ya noti. Wao nawasamehe, wamelelewa na piano shuleni na kanisani. Sisi je? Tumelelewa na nini?

Mtoto wa Unguja kabla hajajua kusoma ameshasikia adhana mara tano kwa siku. Ameshasikia kaswida, maulidi, na kwenye harusi taarabu ya kukaa kitako. Ameshaona kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na kama alikuwa na bahati ya kukaa karibu ameviona vile vipande vidogo vya chuma chini ya nyuzi, ambavyo mpigaji huviinua na kuvilaza wimbo ukiwa unaendelea, ili apate sauti zinazokaa katikati ya vitufe vya piano, mahali ambapo piano haina mlango. Fidla na udi havina hata vizuizi vya kukuonyesha noti inaanzia wapi. Kidole kinateleza, na katika kule kuteleza ndimo ulimo wimbo. Mwimbaji akiliingia neno "moyo" moja kwa moja, bila kulizunguka, wazee wanatazamana.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafirishwa hadi Bombay kurekodi santuri, sauti ya kwanza ya mwanamke wa huku kuwekwa kwenye sahani. Zisikilizeni. Mikwaruzo ni mingi na ufundi wa wakati ule ulikuwa ule, lakini msikilize jinsi anavyomaliza mstari. Hauweki chini. Anaushusha, anaupandisha tena, anautikisa, ndipo anauacha. Ukimpeleka Siti kwa rafiki yangu leo, naye ataulizwa kuhusu meno.

Na Bi Kidude? Sauti ile iliyokwaruzwa na sigara na miaka, iliyokuwa inaanza wimbo popote inapopenda, Wazungu waliisafiria. Mwaka 2005 wakampa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia. Alipofariki Aprili 2013 tulilia nchi nzima, na tulikuwa na haki ya kulia. Hakuna aliyesema bibi alikuwa anatoka nje ya noti. Tulisema sauti yake ina historia. Basi kwa nini Mskoti wa miaka 23, mwenye sauti inayotafuta vitu vile vile, aambiwe hajui kuimba? Au kuteleza ni halali kwa bibi wa Unguja tu, kwa sababu huyo tulimzoea?

Najua jibu la rafiki yangu, maana najua anafanya kazi gani. Kila sauti inayoingia studio kwake hupitishwa kwenye programu ya kunyoosha sauti. Binti anaingia na koo lake alilopewa na Mungu, anatoka amenyooka. Nimezisikia kazi tatu za waimbaji watatu tofauti kutoka chumba kile, na ningeapa ni mtu mmoja amebadilisha kanga. Haya mnayaita usafi. Watu wamekaa miaka kumi mbele ya kompyuta inayochora noti kwa rangi ya kijani na nyekundu, kisha wanashangaa kwamba kila kilicho hai kinawaumiza masikio. Taarabu yenyewe siku hizi inapigwa kwa kinanda cha umeme ambacho mitelezo yote hiyo hakina, na bado mwimbaji anajitahidi kuteleza juu yake, maskini, peke yake. (Na ndiyo, najua, akodiani nayo haina sauti za katikati, na tumekuwa nayo miaka mingi. Msinitumie ujumbe.)

Anayebisha nampa jaribio dogo. Mwaka 1968 Judy Collins aliurekodi wimbo huo huo akaugeuza uwe wa mwanamke, "First Boy I Loved". Sauti ya Collins ni maji ya mtungini. Kila noti iko kwenye kiti chake. Wengi wa wanaomcheka Williamson wanausifu ule, na kwa kweli ni mzuri, sina ugomvi nao. Lakini sikilizeni yote miwili kwa kufuatana, usiku, taa zimezimwa. Kwa Collins namwona mwanamke aliyekaa vizuri akieleza jambo lililokwisha. Kwa Williamson jambo halijakwisha. Anapofika kwenye habari kwamba yule msichana sasa amekuwa mtu wa kanisa, sauti inapinda mahali ambapo mwandishi mwingine angeweka mstari mzima wa majonzi. Nyoosha pale, umefuta nusu ya wimbo.

Haya, nikubali na hili, ili nisionekane nimelogwa. Kuna mahali hakukusudia chochote, amekosa tu. Kuna mahali Heron na yeye wanaimba pamoja na kila mmoja yuko mtaa wake. Si kila mtelezo ni ufundi. Lakini anayetaka kuhukumu lazima kwanza ajue kutofautisha anayeteleza na aliyeanguka, na hilo halifanyiki kwa dakika mbili huku mtu anatafuna visheti.

Kuna lawama moja ninayoiheshimu, ya wanaosema hawa vijana waliokota muziki wa watu. Historia yenyewe inawasaidia. Albamu ya kwanza, ya 1966, walikuwa watatu. Ilipotoka, Clive Palmer akashika njia kwenda Afghanistan, Williamson akaenda Morocco, fedha zilipomwishia akarudi Uskoti na mzigo wa ala, Heron akawa amebaki Edinburgh. Mtayarishaji Joe Boyd akawaingiza wawili hao studio ya Sound Techniques, London, na mzigo wote ukaingia nao. Matokeo yake, "Chinese White" inakwenda huku Williamson anaikwaruza gimbri kwa upinde. Gimbri! Ala ya kupiga kwa vidole, ambayo Wagnawa wa Morocco wanaipiga usiku kucha mpaka watu wanapandwa na majini. Maalim wa Kignawa angemnyang'anya ule upinde. Ila sauti inayotoka ni ya ajabu, inalia chini ya wimbo mzima, na mimi naipenda kuliko ninavyopaswa.

Kwenye "The Mad Hatter's Song" hawakubahatisha. Sitari inapigwa na mtu aliyeandikwa "Soma", naye ni Nazir Jairazbhoy, msomi wa muziki wa Kihindi aliyekuwa akifundisha SOAS, chuo cha London. Mwaka ule kila kijana wa London mwenye sitari alikuwa anaipiga kama gitaa lililovimba. Hawa walimwita mwenyewe.

Halafu sisi watu wa pwani tunaanza vipi kumshitaki mtu kwa kuokota? Udi tuliutoa wapi? Fidla? Juma Bhalo wa Mombasa alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi, moja kwa moja, akayapachika mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, na nusu ya mama zetu walilia kwa nyimbo hizo bila kujua filamu ilichezwa na nani. Tukamwita bingwa, na alikuwa bingwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba Bhalo alikaa na kile alichokichukua miaka mingi sana, na Williamson alikuwa na gimbri yake kwa miaka michache tu. Hapo nawapa pointi. Moja.

Wanaosema albamu ya tatu, The Hangman's Beautiful Daughter, ni bora zaidi: labda, siku nyingine. Wanaosema Paul McCartney wa Beatles aliitaja hii ya pili kuwa miongoni mwa alizozipenda sana mwaka ule: kweli, lakini mimi sihitaji cheti kutoka Liverpool. Wanaowajua kwa tamasha la Woodstock tu, ambako walikataa kupiga kwenye mvua Ijumaa, mwimbaji Melanie akapewa nafasi yao na kesho yake wakawekwa saa isiyo yao: hiyo ni 1969, na kosa ni la mvua.

Na wapo wanaosema imezeeka. Hawa nadhani hawajafika wimbo wa mwisho, "Way Back in the 1960s". Mle ndani Williamson ni babu anayewasimulia wajukuu enzi za ujana wake, kabla ya Vita vya Tatu vya Dunia, zamani hizo palikuwa na mtu akiitwa Bob Dylan, aliimba si haba. Vijana wa sasa yeye babu hawaelewi hata wakisema polepole. Ametunziwa makopo ya chakula halisi kwa ajili ya kutimiza miaka 91, bibi yao kayapata kwenye duka la vyakula vya kale. Anajisifu, anapotea njia, anarudi, na sauti inateleza vile vile, safari hii kwa kicheko. Mwanzieni hapo, kisha mrudi nyuma.