Shela ya Bibi Arusi Haikatwi kwa Kitufe

Wiki iliyopita dada wa bibi arusi mmoja alinipigia simu kuuliza kwa nini nimeandika siku nne za kazi kwa kipande cha sekunde 40. Walitaka bibi arusi atolewe ukumbini na kuwekwa ufukweni, jua likizama, na aliniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, siku hizi si kompyuta inakata yenyewe?" Sikumkasirikia, kwa sababu neno hilo hakulitunga yeye. Amelisikia kwetu sisi wahariri wa video, tunaotangaza huduma zetu kana kwamba mashine ndiyo inayofanya kazi na sisi tunapokea malipo tu. Hasira yangu ni juu yetu.

Sekunde 40 kwa kasi ya fremu 25 ni picha 1,000, na katika kila picha mtu ana ukingo wake, tofauti kidogo na wa picha iliyotangulia. Max Fleischer, mtengenezaji wa katuni aliyepewa hataza ya rotoskopu, kifaa cha kufuatisha picha za filamu kwa kuchora, nchini Marekani mwaka 1917, alimrekodi ndugu yake Dave akiwa amevaa mavazi ya chale, kisha akairusha filamu hiyo fremu moja moja na kulifuatisha umbo lake kwa kalamu. Sisi tuliojifunza kazi kwa kupanga nukta kuzunguka bega, shingo na sikio, kisha kuzisogeza fremu baada ya fremu hadi macho yanauma, tulifanya karibu vivyo hivyo. Kwa hiyo nakubali kwamba brashi ya kukata iliyoingia kwenye After Effects, programu ya kuhariri video, mwaka 2010, pamoja na mifumo iliyoifuata, imetuokolea siku nyingi za maisha yetu. Mtu aliyesimama penye mwanga wa kutosha, mbele ya ukuta wa rangi nyingine, hukatwa kwa dakika chache, na mimi sitazirudia nukta kwa hiari yangu.

Lakini bibi arusi huyu alivaa shela.

Shela inaonyesha kilicho nyuma yake, ilhali programu nyingi za kukata, katika hatua ya kwanza, huamua jambo moja tu kuhusu kila sehemu ya picha: hii ni ya mtu au si ya mtu. Shela ni vyote viwili. Ikihesabiwa kuwa ni ya mtu, taa nyekundu za ukumbi hubaki zimenasa ndani ya kitambaa hata baada ya bahari kuwekwa nyuma. Ikihesabiwa kuwa si yake, kitambaa hutoweka na maua ya kichwani hubaki yakielea hewani. Lazima mtu akae chini, aamue kila mkunjo una uwazi kiasi gani, autoe ule wekundu, na aurudishe mwanga wa jioni mahali ambapo ungepita kweli.

Kabla ya kupanga siku zile nne nilikuwa nimeshakipitisha kipande hicho kwenye programu mara moja, kwa majaribio. Katika fremu ya 212 bibi arusi aligeuka kumtazama mama yake, na mkono wenye hina ukapita mbele ya shela. Ukingo uliteleza ukafuata vidole. Kwa kuwa zana hizi huubeba ukingo kutoka fremu moja kwenda inayofuata, fremu ya 213 ilirithi kosa la 212, ya 214 ikaliongeza, na kufikia ya 230 sehemu ya bega ilikuwa imeliwa. Hakuna onyo lolote lililotokea kwenye skrini. Ukiitazama video kwa kasi yake ya kawaida, unahisi tu kwamba kuna kitu kinatetemeka begani. Nililiona kosa lenyewe nilipoweka rangi ya kijani tupu nyuma yake na kupita fremu moja moja. Kupita huko ndiko kazi yenyewe, na ndiko tunakokufuta kwenye bei ili tuonekane wepesi kuliko jirani.

Mifumo mipya ina kumbukumbu, na inaweza kumpata tena mtu aliyefichwa kwa muda. Hata hivyo watengenezaji wa SAM 2, mfumo wa akili bandia wa kutenga vitu kwenye video uliotolewa na Meta mwezi Julai 2024, wameeleza wenyewe kwamba unaweza kupoteza shabaha penye umati na penye vitu vinavyofanana. Harusi zetu zina wapambe kumi wenye sare moja, wanaocheza wakipishana.

Mhariri kijana anayepokea kazi kama hii kwa bei ya kitufe ataikabidhi bila kuipitia, kwa sababu malipo hayamruhusu kuipitia, na familia itaitunza video yenye bega lililoliwa kwa miaka yote. Hilo linaniuma. Tuandike kwenye ankara saa za kukata na saa za kuhakiki, kila moja kwa mstari wake, na mteja aulize anachotaka kuuliza.

Nilimtumia yule dada fremu ya 212 mara mbili: kama ilivyotoka kwenye kompyuta, na kama ilivyokuwa baada ya kuishughulikia kwa mkono. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama siku nne zingetosha.