Waya nao wapewe sifa yao

Ukizungumzia mwendo wa treni, lazima atokee mtu wa kurusha namba: 574.8! Sawa. Tarehe 3 Aprili 2007, TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, ilifika kilomita 574.8 kwa saa. Lakini mimi kinachonisisimua siyo namba, ni waya.

Treni ya umeme ina mkono juu ya paa unaosugua waya. Mkono ukiusukuma waya, wimbi hukimbia mbele, kama unapoikung'uta kamba. Sasa treni ikikaribia kulifikia wimbi lake yenyewe, waya unarukaruka, cheche zinatoka, umeme unakatika. Kwa hiyo mafundi waliukaza waya zaidi ili wimbi liikimbie treni. Wakapandisha umeme kutoka volti 25,000 hadi 31,000, wakafunga magurudumu makubwa zaidi, wakabakiza mabehewa matatu tu katikati ya vichwa viwili. Halafu makofi yote yakapigiwa treni!

Na Wafaransa walijua gharama ya kuisahau njia. Machi 1955 walifikisha kilomita 331 kwa saa, na nyuma ya treni reli zikabaki zimepindapinda kama nyoka.

Ndiyo maana nina kinyongo kidogo na Mallard. Kichwa hicho cha Uingereza kinashikilia rekodi ya treni za mvuke tangu tarehe 3 Julai 1938: maili 126 kwa saa, karibu kilomita 203. Ila kilikuwa kinateremka mlima wa Stoke, na beringi yake ya katikati ikaungua. Kikajikongoja hadi Peterborough, na mabehewa yakamaliziwa safari na kichwa kingine. Miaka miwili kabla, kichwa cha mvuke cha Ujerumani kiitwacho 05 002 kilifika kilomita 200.4 kwa saa kwenye njia iliyo karibu tambarare. Ningekuwa mwamuzi, taji ningempa Mjerumani. (Mashabiki wa Mallard, najua mtanijia juu.)

Ile ya Japani inayoelea kwa sumaku, iliyofika kilomita 603 kwa saa tarehe 21 Aprili 2015, siiingizi hapa. Ikishika kasi haigusi reli, wala haina waya wa kusugua. Huo ni mchezo mwingine.

Kwenye njia ile ya 2007, abiria leo wanakwenda kilomita 320 kwa saa, na waya ulio juu yao umerudi kwenye volti zake 25,000.