Saketi ya Kwenye Skrini Hailipuki

Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme wa miaka ya 1960 alikokotoa kwa rula ya kuteleza, yaani rula yenye mizani inayosogezwa ili kuzidisha na kugawanya. Ilimpa tarakimu tatu hivi, na nukta ya desimali aliiweka mwenyewe, kwa hiyo ilimbidi ajue mapema kama anatarajia miliampia 5 au ampia 5. Mwaka 1972 kikaja kikokotoo cha HP-35, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikatambulisha SPICE, programu ya kuigiza saketi ambayo vizazi vyake vinafundishiwa mpaka leo.

Programu hizi zina faida kubwa. Mwanafunzi hubadili rezista mara mia bila kuunguza chochote. Hitilafu ya laini ya kilovolti 220 nayo haiwezi kusababishwa makusudi ili darasa lijifunze, lazima iigizwe.

Kasoro inaonekana kwenye kitu kidogo kama pawa saplai ya volti 5: transfoma ya volti 12, dayodi nne za 1N4007 za kugeuza umeme wa AC kuwa DC, kapasita ya mikrofaradi 1000 ya kuulainisha, na regyuleta ya 7805 ya kuushusha na kuushikilia kwenye volti 5. Volti 12 za AC hupanda hadi kilele cha karibu 17, toa 1.4 zinazopotea kwenye dayodi mbili ambamo umeme unapita kwa wakati mmoja, zinabaki 15.6. Mwanafunzi anachagua kapasita inayohimili volti 16, na kwenye skrini kila kitu kinakwenda sawa. Mezani, kwenye vifaa halisi, transfoma ndogo isiyo na mzigo (isiyotolewa umeme) hutoa hata volti 14, kapasita inafikia 18 na ushee, inaweza kuvimba. Ilitakiwa ya 25 au 35. Akiigeuza miguu, chanya ikakaa palipo hasi, modeli ya kawaida ya kwenye programu hainung'uniki. Ile halisi huweza kupasuka. Hata joto halionekani: kwa miliampia 500, 7805 inageuza karibu wati 5 kuwa joto, na bila bati la kupoozea itajizima yenyewe.

Kilichopotea, kwa maoni yangu, si rula. Ni muda wa kufanya kazi mezani kwa vifaa halisi, ambao vyuo vingi viliupunguza kwa sababu vifaa ni ghali na madarasa yamejaa. Lakini zoezi hili halihitaji mengi: multimita moja kwa wanafunzi wawili, osiloskopu moja (kifaa kinachochora umbo la volti kwenye skrini) ya darasa zima, na upande wa volti 230 ufungwe na fundi wa maabara, ukiwa na fyuzi na kifuniko. Mwanafunzi aandike kwanza makadirio yake kwenye karatasi, aigize, kisha apime. Alama nyingi ziende kwa maelezo ya kwa nini namba tatu hizo hazilingani.