"Unawe uso": majivu ya Kwaresima mbele ya Injili ya siku hiyo

Katika Misa ya Wakatoliki ya Jumatano ya Majivu, siku inayoanza Kwaresima, kuna jambo ambalo wengi wetu tumelizoea hata hatulioni tena. Husomwa Injili ya Mathayo, sura ya 6, ambamo Yesu anawaonya wanafunzi wake wasifunge kama wanafiki wanaotaka watu wawaone, kisha anawaagiza: "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso." Mara baada ya mahubiri, waamini waliotoka kuyasikia maneno hayo hupanga mstari ili wachorwe msalaba wa majivu kwenye paji la uso, na wengi hutoka nao hadi kazini.

Wanaoikataa desturi hii hawana hoja nyepesi. Nchini Uingereza majivu yalipigwa marufuku mwaka 1548, na kwa wanamatengenezo wa karne hiyo, yaani Waprotestanti wa mwanzo, ibada za namna hii ziliweza kumfanya mtu aridhike na alama na kuusahau moyo. Wangeweza kumtaja nabii Joeli, ambaye husomwa siku hiyohiyo: "Rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu." Tena Waorthodoksi huianza Kwaresima siku ya Jumatatu, bila majivu, na hakuna awezaye kusema kwamba mfungo wao ni mwepesi. Kwa hiyo majivu si sharti la toba, na anayeyatetea hana budi kulikubali hilo kwanza.

Hata hivyo, yafaa kuitazama alama yenyewe kwa karibu. Majivu hayo kwa desturi hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Yaliyopungwa kwa shangwe yamekauka, yamechomwa, yamechekechwa hadi yakawa vumbi laini ambalo kidole gumba cha padri hulichota na kuliacha pajini, huku punje chache zikidondokea puani. Mtoto aliyebebwa mgongoni na bibi kizee anayejikongoja huambiwa maneno yaleyale: "Kumbuka, u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi," au "Tubuni na kuiamini Injili." Hakuna sifa yoyote katika maneno hayo. Mnafiki wa Mathayo huonyesha kwamba yeye ni mwema. Aliyepakwa majivu hutangaziwa mbele ya watu kwamba ni mkosaji na kwamba atakufa.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba majivu hayo hupakwa na mkono wa mwingine. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Wayahudi, inapoeleza mifungo ya wakati wa ukame, inasema kila mtu alijitia majivu kichwani mwenyewe, lakini wakuu walitiwa na wengine. Na Talmudi, kitabu kinachoifafanua Mishna, inaeleza sababu, kwamba kujidhili mwenyewe si sawa na kudhiliwa na mwenzako. Padri naye, akiwa na mhudumu mwenzake, huinamisha kichwa apakwe.

Historia ya Kanisa inazidi kulitatiza suala hili. Zamani majivu na magunia yalikuwa ya watubu wa hadharani, waliotengwa kwa dhambi nzito na kupatanishwa karibu na Pasaka. Baadaye, hasa tangu sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Benevento, Italia, ya mwaka 1091, yakawa ya waamini wote. Wapo wanaoona kwamba hapo toba ilishuka thamani, kwa kuwa alama iliyomgharimu mtu heshima yake sasa haimgharimu kitu. Mimi naona kilichopatikana ni kikubwa kuliko kilichopotea, maana mdhambi anayejulikana na mdhambi aliyejificha sasa wanasimama mstari mmoja.

Lakini wapinzani wako sahihi mahali pamoja, napo ndipo penye uzito. Katika kitabu cha Yona, mfalme wa Ninawi aliketi majivuni, watu wake wakavaa magunia; ila Maandiko yanasema Mungu aliyaona matendo yao, jinsi walivyoiacha njia yao mbaya. Kwa Wakatoliki majivu ni kisakramenti tu, yaani ishara takatifu isiyo sakramenti yenyewe, hayaondoi dhambi, na inasikitisha mtu anapopigania nafasi kwenye mstari wa majivu, kisha akakipita kiti cha maungamo mwaka mzima bila kukitazama, na mtu aliyedhulumiwa naye bado anangoja haki yake.

Suala la kunawa au kutonawa baada ya Misa, ambalo huzua mabishano kila mwaka, naliona dogo. Italia majivu hunyunyizwa utosini yakapotelea nyweleni, na Januari 2021 Vatikani iliagiza yanyunyizwe hivyo kila mahali kwa sababu ya korona. Ningependa zaidi kuona padri akiyaeleza mahubirini maneno yale ya "unawe uso" badala ya kuyapita, na jioni hiyohiyo akaketi kitubioni mlango ukiwa wazi.