Nodi Iliyokufa Nayo Ihesabiwe

Wiki iliyopita nilialikwa kusikiliza vijana wa mwaka wa mwisho wakiwasilisha miradi yao. Wa tatu alikuwa binti makini sana. Alikuwa ametengeneza mtandao wa kuigiza kwa ns-3, programu ya kompyuta ya kuiga mitandao: nodi 50, yaani vifaa vya kupima kina cha maji mtoni, zinapokezana taarifa kwa redio mpaka zifike kituo kikuu. Katikati ya jaribio akaziua nodi 20, maana betri huisha na mafuriko hubeba vifaa. Kisha akatoa jibu: upotevu wa pakiti, vile vipande vya taarifa vinavyosafiri mtandaoni, ni asilimia 2. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi mikono ilinigoma.

Nodi 20 kati ya 50 zimekufa. Hiyo 2 imetoka wapi?

Baadaye tuliketi naye tukaifungua hesabu. Kila nodi hutuma pakiti 10 kwa sekunde, na jaribio lilichukua sekunde 100. Nodi zote zingeishi, zingetuma pakiti 50,000. Zile 20 zilikufa sekunde ya 50, kwa hiyo zilizotumwa ni 40,000, na 800 kati yake hazikufika. Gawanya 800 kwa 40,000, unapata asilimia 2. Hesabu ni sahihi kabisa, na ndiyo maana inanikera. Pakiti 10,000 ambazo nodi zilizokufa zingetuma hazionekani popote. Hazikufika, wala hazikuandikwa kuwa zimepotea. Zirudishe kwenye hesabu uone: taarifa 10,800 kati ya 50,000 hazikufika kituoni. Asilimia 21.6!

Shule ya msingi tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Tukipima mtandao tunakodolea macho kiasi, huku asili inapungua chini yake na hakuna anayeuliza. Kibaya zaidi, ukiendelea kuua nodi, foleni zinafupika, redio zinaacha kugongana hewani, na asilimia yako inaweza hata kupendeza. Mtandao unakufa na ripoti inazidi kunawiri. Kwa kipimo cha namna hii, siku zikibaki nodi mbili zilizo jirani na kituo, tutatangaza kwamba mfumo ni imara.

"Lakini Mwalimu, pakiti ambayo haikutumwa nitasemaje imepotea?" aliniuliza.

Swali la haki. Anayepima ubora wa kiungo kimoja kati ya ruta mbili, vifaa vinavyoelekeza njia ya pakiti, ahesabu zilizotumwa na zilizofika, na hapo sina ugomvi naye. Ila mradi wake haukuuliza habari za kiungo. Uliuliza kama watu wa bondeni watapata onyo kabla maji hayajawafikia.

Na hili si jambo la kubuni leo. Mwaka 1964 mhandisi Paul Baran, akiwa RAND, taasisi ya utafiti kule Marekani, alichapisha uchambuzi wake wa mitandao ambayo vituo vyake vinaharibiwa vitani. Alipima ni asilimia ngapi ya vituo vimenusurika na bado vimeungana na kundi kubwa zaidi la vilivyonusurika. Vilivyokufa vilibaki kwenye asili. Kituo kilicho hai lakini kimetengwa na wenzake nacho kilihesabiwa hasara. Miaka 60 imepita, na bado tunawaacha vijana wetu wahitimu bila kuulizwa swali hilo.

Wengi wetu tuliyaona haya kwa macho tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mdogo wangu alikuwa Dar es Salaam, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi. Ukurasa haukufunguka. Alijaribu tangu mchana, jioni akakata tamaa. Barua yake haikuwahi hata kugawanywa kuwa pakiti, basi ni kipimo gani cha upotevu kingeiona? Hakuna. Lakini kazi aliikosa.

Yapo na mengine yanayopotosha hesabu. FlowMonitor, kipimo cha pakiti kilichomo ndani ya ns-3, kwa kawaida husubiri sekunde 10 ndipo iiite pakiti imepotea; ukifunga jaribio mapema, zilizokuwa bado zinasubiriwa hazimo. Kwenye mitandao ya OSPF, utaratibu ambao ruta hutumia kutafutiana njia, jirani aliyenyamaza husubiriwa sekunde 40 kwa mpangilio wa kawaida, na pakiti zinaendelea kumwagwa shimoni; jaribio la dakika mbili na la saa nzima yatatoa asilimia tofauti kwa ajali ileile. Na tafadhali, usiendeshe jaribio mara moja tu ukasema umepima.

Juzi yule binti amenitumia grafu mpya. Safari hii kila nodi ina mstari wake, sekunde kwa sekunde, na zilizokufa zimeachwa zionekane. Nodi ya 37, ile ya juu kabisa mtoni, haikufa. Ilituma pakiti zake zote mpaka mwisho, lakini tangu sekunde ya 50 hakuna hata moja iliyofika, kwa sababu jirani yake wa pekee alikuwa mmoja wa wale 20. Pakiti 500 kati ya zile 800 ni zake peke yake. Chini ya grafu ameniandikia: "Mwalimu, hii ndiyo inayoyaona maji kwanza. Naomba tukutane Jumatatu, nataka kuitafutia jirani wa pili."