Bomba la Inchi 12 Linaomba Nafasi ya Kuchangia

Mkutano wa kijiji ukiitwa saa nane mchana, wewe nenda saa kumi. Ukiwahi utabebeshwa viti. Ni vile vya plastiki vya kukodi, na kimojawapo mguu wake umefungwa kwa waya. Hicho ndicho watakachokupa wewe uliyewahi, kama asante.

Kwa sheria ya Uganda, kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa baraza la kijiji, mpangaji na mwenye nyumba sawa kwa sawa. Ndiyo maana wapangaji hujaa na wenye nyumba huwaoni. Wao wanaishi vilimani. Huku kwenye mabonde ya Kampala, Bwaise, Kalerwe, Ndeeba, chagua lako, wanashuka mwisho wa mwezi kuchukua kodi, suruali zimekunjwa hadi magotini, na hawaulizi maji haya yametoka wapi. Yametoka kwao huko juu, wazee.

Mbele inaketi kamati ya LC1, yaani ya baraza la kijiji, watu kumi. Yupo katibu wa usalama, ambaye wezi wanamwita kwa jina la utani. Yupo makamu mwenyekiti, ambaye kwa cheo hicho hicho ndiye wa ustawi wa watoto, kwa hiyo ukitaja shimo la barabarani anauliza kama kuna mtoto ndani. Yupo katibu wa uzalishaji na mazingira: mazingira tunayaona, na kinachozalishwa ni tope. Mwenyekiti mwenyewe, kwa miaka mingi serikali ilimpa asante ya shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani elfu kumi kwa mwezi, halafu watu wanashangaa kwamba muhuri wake una bei. Na mnakumbuka Julai 2018, uchaguzi wa kwanza wa ngazi hiyo tangu 2001, tulipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mstari hauna siri. Nani alisimama wapi bado kunakumbukwa, na barua za waliosimama kwingine huchelewa kidogo.

Ajenda inaanza na sala, kisha utambulisho, kisha utambulisho wa wageni waliosahauliwa kwenye utambulisho. Halafu mbwa. Mbwa wa jirani anajadiliwa saa nzima: anabweka, hafungwi, amekula kuku, kuku alikuwa wa nani. Zinafuata spika za baa na spika za kanisa, ambazo zimetazamana na zinashindana. Mafuriko yako wapi? Yako mwisho, kwenye mengineyo, wakati jua linazama na mwenye viti amesimama pembeni akihesabu viti vyake kwa sauti.

Hapo ndipo anaponyanyuka mzee mmoja wa suti. Kila kijiji kinaye. "Mwenyekiti! Maji yanatuua! Serikali iko wapi?" Makofi. Akina mama wanatikisa vichwa.

Banange, sasa nendeni getini kwake mkatazame. Upande wa juu wa njia kuna kalavati, yaani bomba la pete za zege, la sentimita 60, limekaa vizuri, linapitisha maji yake. Mita chache chini, mbele ya geti la mzee, mtaro umefukiwa, ndani yake amelaza bomba la plastiki la inchi 12, na juu amemwaga zege ili gari lake lipite. Inchi 12 ni sentimita 30. Watu wanasema, aa, si nusu tu. Si nusu! Punguza kipenyo cha duara kwa nusu, nafasi inayobaki ni robo. Maji yaliyopita kwenye kalavati zima yanaombwa yajibane kwenye robo yake, na hiyo ni kabla kaveera la kwanza, mfuko wa plastiki, halijakwama mdomoni. Yasipopita yanapanda, yakipanda yanatafuta mlango, na mlango wa karibu si wa mzee, maana yeye amejenga ngazi nne. Ni wa mama wa chapati.

Na maji si kidogo. Mvua ya milimita 30 ikishuka kwenye hekta moja ni lita 300,000. Hizo ni jerikeni 15,000 za lita 20, na bondeni penye mabati na udongo ulioshindiliwa kwa miguu, hazina pa kuzama. Paa moja tu la mita 10 kwa 6 linamwaga lita 1,800, jerikeni 90. Mtu huyo huyo aliyemwaga jerikeni 90 mtaroni usiku, asubuhi yuko kwenye foleni ya bomba ananunua mbili. Mwambie aweke mfereji wa bati na pipa chini ya paa, atakujibu kwamba mwenye nyumba hajaruhusu.

Kuweka kalavati kunajulikana, si siri ya wahandisi. Unachimba mpaka upate udongo mgumu, unatandika mchanga au moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, wa sentimita 10 hadi 15 na kuishindilia, ndipo unalaza pete, ukianzia upande wa chini na kupanda. Pete hazilazwi juu ya tope, maana moja itadidimia, nyingine itabaki, na kwenye kile kingazi kati yao mchanga utaketi mpaka uote nyasi. Mteremko uwe angalau sentimita 10 kwa kila mita 10. Huna kifaa? Tafuta mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, mita 12, ujaze maji, toa mapovu yote, shika ncha moja huku na mwenzako nyingine kule. Maji ya ncha zote mbili yatasimama usawa mmoja, sasa pima kutoka usawa huo kwenda chini, kila upande, na tofauti ndiyo mteremko wako. Viungo vinazibwa kwa saruji na mchanga. Juu ya pete unarudisha udongo kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka linanyunyiziwa maji na kushindiliwa, mpaka zifike kama sentimita 60, ndipo lori lipite. Mdomoni na mkiani unajenga ukuta wa mawe, la sivyo maji yatachimba ubavuni na barabara itaondoka na pete zake. Fundi wa mzee, yeye alisema "tandiko la nini bosi, zege litabeba". Zege la inchi tatu bila nondo! Lilibeba gari la mzee wiki kadhaa, kisha likabeba ufa, na bomba chini yake sasa limebonyea kama chupa ya soda iliyokaliwa.

Basi mkutano unaamua nini? Unaamua Jumamosi iwe bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji, watu wote mtaroni. Vizuri. Tupige hesabu ambayo hakuna anayeipiga. Mtaro wa mita 50, upana sentimita 60, tope sentimita 30: hizo ni mita za ujazo 9. Toroli hubeba kama lita 60, kwa hiyo ni safari 150 za toroli. Kijiji kina toroli ngapi? Moja, na gurudumu lake halina upepo. Majembe sita, watu arobaini, kwa hiyo thelathini na wanne wanatoa ushauri. Tope linatolewa, linalazwa ukingoni kwa fahari, picha zinapigwa, mwanasiasa mmoja anashika jembe kwa mkono wa kushoto. Lori la kulibeba halikuombwa. Tipa dogo la mita za ujazo 3 lingekwenda mara tatu tu, kazi ikaisha. Lakini Jumapili usiku inanyesha, na tope lote linarudi mtaroni, sasa likiwa laini zaidi kwa sababu tumelichambulia mawe.

Takataka nazo zina hadithi. Nyingi za Kampala ni maganda ya matoke na mabaki ya jikoni, kitu ambacho mbuzi angekishukuru, lakini yamefungwa ndani ya kaveera, kwa hiyo hayaozi vizuri wala hayaliwi. Sheria ya mazingira ya 2019 inakataza mifuko ya plastiki yenye unene usiofika maikroni 30. Maikroni 30, ndugu zangu! Muuza nyanya anapimaje? Anapuliza. Ukijaa hewa, umefaulu. Na huko zilikopelekwa kwa miaka mingi si mahali pa kufanyia mzaha: jaa la Kiteezi, lililofunguliwa 1996, liliporomoka Agosti 10, 2024 na kufukia nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Kwa hiyo kila ganda linalobaki nyumbani kwa mbuzi au shimo la mbolea ni kitu kidogo chenye maana, lakini hilo mkutanoni halipigiwi makofi.

Kuhusu vyoo nitasema haraka kwa sababu wengine mnakula. Bondeni maji yako karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo vyoo vimejengwa juu, unapanda ngazi kama unakwenda kuhutubia. Chini ubavuni baadhi yao vina kizibo. Mvua kubwa ikianza, kuna mikono inayochomoa kizibo. Ndiyo maana maji ya mafuriko si maji tu, na ndiyo maana mtoto aliyecheza ndani yake anapelekwa kliniki. Kila mtu mkutanoni anajua ni vyoo gani. Kila mtu anaangalia kiatu chake.

Mashimo ya barabara tunayajaza matofali yaliyovunjika na udongo. Yanakaa mpaka mvua ya pili. Shimo la lami linataka kingo zikatwe wima mpaka penye lami nzima, lifagiliwe likauke, lipakwe lami ya moto, lijazwe kwa tabaka na kushindiliwa, na libaki limeinuka kidogo. Hatuna lami. Tuna matofali. Tuendelee.

Kinachoniudhi zaidi ni barua. Mkutano unaandika kwa divisheni, ofisi ya serikali ya mji iliyo juu yetu: "Tunaomba mtuangalie kwa jicho la huruma." Hakuna fungu la bajeti linaloitwa huruma! Andika jina la kijiji na parishi. Andika ni mtaro gani, kutoka wapi hadi wapi, urefu kwa mita, upana, kina cha tope, kipenyo cha kila bomba la geti na nani analitumia. Weka picha yenye futi ya fundi ndani yake, ili mhandisi aone namba. Ambatanisha muhtasari na orodha ya waliohudhuria, piga muhuri, peleka nakala mbili, na ile yako isirudi bila muhuri wa kupokewa wenye tarehe. Barua ya huruma inafungiwa faili. Barua yenye vipimo inamsumbua mtu, kwa sababu anayekuja nyuma yake anaweza kuuliza ilikuwaje.

Futi ya fundi ya mita 5 si ghali, mbwa yule ametugharimu zaidi. Tukiwa nayo, ajenda ya mwezi ujao ianze na mafuriko, mbwa aende kwenye mengineyo. Na kabla ya sala ya kufunga, mtu mwenye adabu amsogelee mzee wa suti, amshike mkono kwa mikono miwili, aseme: "Mzee wetu, kesho saa moja asubuhi tunakuja getini na nyundo. Tunaomba gari lilale nje."