Nilivyoichapa Hukumu Yangu Mwenyewe

Majarida ya kitaaluma yana desturi ya kuficha pande zote mbili: mwandishi haambiwi ni nani anayeitathmini makala yake, na mtathmini haambiwi makala ni ya nani. Jina hufutwa, chuo hufutwa, na pale mwandishi anapoinukuu kazi yake ya zamani huandikwa tu "Mwandishi" na mwaka. Ni desturi nzuri mahali penye wataalamu wengi. Kwetu, ambako watu waliobobea katika usalama wa bodaboda wanaenea kwenye bajaji moja na nafasi ikabaki, desturi hiyo huzaa mambo kama haya yaliyonikuta.

Makala yangu ilihusu uvaaji wa kofia ngumu miongoni mwa waendesha bodaboda. Niliipanga kwa utulivu, nikalibana swali la utafiti mpaka likaenea katika sentensi moja, kisha nikaijaribu hojaji kijiweni kabla ya kuitumia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba swali "Je, wewe huvaa kofia ngumu?" hujibiwa "ndiyo" bila kusita na mtu ambaye kofia yake inaning'inia kwenye kiwiko. Orodha ya chama chao ilikuwa na waendeshaji 1,000 kamili. Nilikusudia kutumia jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo kwa idadi hiyo hutoa sampuli ya watu 278, lakini nilikutana na Profesa wetu koridoni nikamwomba ushauri, naye akanijibu bila kusimama: "Yamane, bwana mdogo. Siku zote Yamane." Nikaifuata kanuni ya Taro Yamane, ambayo kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5 hutoa watu 286. Wale 8 wa ziada niliwasaka juani, na mmoja wao alinihoji yeye zaidi ya nilivyomhoji mimi.

Makala ikaenda kwa mhariri. Baada ya muda Profesa akaniita ofisini. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari alikuwa amemkataza kukodolea kompyuta.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Keti hapo. Nimeletewa makala niitathmini. Wewe utanisomea, mimi nitasema, nawe utaandika ninayosema."

Nikafungua faili. Kichwa cha makala kilikuwa changu. Ikisiri ilikuwa yangu, pamoja na sentensi ya tatu ambayo niliwahi kuibadilisha usiku kucha na mwishowe nikairudisha ilivyokuwa.

"Profesa, samahani sana, makala hii mimi naifa..."

Akainua mkono. "Usiniambie neno. Tathmini ni siri." Alisema hivyo kwa mtu aliyemkabidhi siri yenyewe aisome kwa sauti, mlango ukiwa wazi. "Isitoshe, mwandishi nimeshamtambua. Ni yule bwana wa chuo jirani aliyenipinga kwenye kongamano. Endelea."

Nikaendelea. Tulipofika kwenye sampuli alicheka kwa huruma. "Andika: Mwandishi ametumia Yamane bila kutafakari. Kanuni hiyo huichukua 1.96, namba ya uhakika wa asilimia 95, kana kwamba ni 2, ndiyo maana inazidisha sampuli. Krejcie na Morgan wanatosha. Atueleze hao watu 8 wa ziada ni wa nini, na ni nani aliyemshauri."

Niliandika. Vidole vyangu vilitii, ila sauti ilikuwa imekauka, nami nikaomba maji.

Lakini uhondo wenyewe ulikuwa kwenye mapitio ya maandiko, mahali nilipodai kwamba mwendeshaji huvua kofia zaidi anapobeba abiria anayemfahamu. Dai hilo nililiegemeza kwenye makala ya mwaka 2019 tuliyochapisha mimi na Profesa, ambayo jarida lilikuwa limeifunika kwa maneno "Mwandishi na mwenzake (2019)". Nieleze kidogo kuhusu makala ile: mimi niliiandika, na Profesa aliiwekea jina lake kwanza, kwa utaratibu ambao kila msaidizi mhadhiri anaujua na hakuna anayeuandika kwenye kanuni za chuo.

"Hao kina Mwandishi na mwenzake ni akina nani?" akauliza. "Hoja yao ni changa mno. Andika: Chanzo hiki ni dhaifu, na mwandishi angefaidika zaidi kwa kusoma makala yangu ya mwaka 2019." Akanitajia kichwa chake. Kilikuwa kilekile.

Jioni hiyo nilimwandikia mhariri kumweleza kwamba ninamfahamu mtathmini, na kwa namna gani. Akanijibu kwa adabu kwamba jarida halijadili utambulisho wa watathmini, na kwamba waandishi wanaombwa wasijishughulishe kuwachunguza.

Nilijifariji kwa kisa cha Albert Einstein. Mwaka 1936 makala aliyoiandika na Nathan Rosen kuhusu mawimbi ya uvutano ilipelekwa kwa mtathmini, Einstein akakasirika na kuiondoa kwenye jarida lile. Mtathmini alikuwa Howard Robertson, mwenzake wa Princeton, ambaye baadaye alimweleza kosa msaidizi wa Einstein katika mazungumzo ya kawaida, na makala ikatoka mwaka 1937 mahali pengine ikiwa imesahihishwa. Tofauti ni kwamba Einstein hakulazimishwa kuchapa maoni ya Robertson.

Barua rasmi ilipokuja, ikisema "marekebisho makubwa", nilijibu kama inavyojibiwa: tunamshukuru mtathmini kwa maoni yake ya kina. Nikaeleza kwamba sampuli kubwa kuliko inayohitajika haidhuru matokeo. Kisha nikafuta "Mwandishi na mwenzake (2019)" na kuweka mahali pake jina la Profesa, mwaka uleule na ukurasa uleule.

Akaniita tena. Safari hii alisikiliza akitikisa kichwa kwa ridhaa. "Unaona? Sasa hoja imesimama. Huyu bwana anafundishika. Andika: Ichapishwe."

Makala ilitoka, jina langu likiwa peke yake chini ya kichwa. Macho ya Profesa yalikuwa yamepona vizuri kabisa. Aliisoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho huku nimesimama mlangoni nikimsubiri alipuke, akavua miwani, akanipongeza, akasema mtathmini wangu bila shaka alikuwa mtu makini sana. Kisha akairudia karatasi ya kwanza, akaisogeza karibu na dirisha.

"Ila kitu kimoja, bwana mdogo. Jina langu mbona silioni?"